Vitabu Viwili vya Kassahun

Kila asubuhi nilipeleka chai na mkate wa shayiri kwenye mashine ya kusaga. Nilivaa koti la baba, kwa sababu baridi ya Debre Birhan, mji wetu wa milimani Ethiopia, haina huruma na mtu, na koti la baba lilinifika magotini. Miaka ya nyuma nilikuwa nikimpelekea baba chai hiyo. Mwaka ule nilimpelekea kaka yangu Kassahun. Alisimama pale pale aliposimama baba, kope zake zimejaa unga, akimimina shayiri za watu kwenye mdomo wa mashine.

Baba alifariki mwezi wa Sene, wiki ileile ya mitihani ya Kassahun ya mwaka wa pili chuoni. Kassahun alikuwa akisoma sayansi ya kompyuta. Alifanya mtihani mmoja tu, kisha akaja kuzika. Chuo kilimpa nafasi moja ya kufanya mitihani miwili iliyobaki, tarehe ishirini na tano mwezi wa Tir, miezi saba baadaye. Mwenye mashine naye alikuja nyumbani akakaa kwenye kiti cha baba.

"Namshikia kijana nafasi ya marehemu hadi mwisho wa Tir," alimwambia mama. "Baada ya hapo anieleze anataka mashine au anataka chuo. Siwezi kungoja zaidi."

Kwa hiyo sote tulijua mambo yalivyo. Kassahun akifaulu, angerudi darasani, na mama angeoka injera, mikate yetu mipana, auze hotelini ili tupate kula. Akifeli, angebaki na unga kwenye kope zake mpaka uzeeni.

Tatizo lilikuwa vitabu. Maktaba ya chuo ilifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na mashine ya kusaga vivyo hivyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nasoma darasa la saba zamu ya mchana. Asubuhi zangu zilikuwa huru.

"Mante," Kassahun aliniambia siku chache baada ya sikukuu ya Genna, Krismasi yetu. Jina langu ni Mantegbosh, lakini nyumbani hakuna aliyekuwa na subira ya kulimaliza. "Utakwenda wewe. Nimeandika barua, na kitambulisho changu hiki hapa. Vitabu ni vitatu. Majina ya waandishi nimekuandikia."

"Nikishindwa kuvipata?"

"Utashindwaje? Wewe ndiye wa kwanza darasani. Si ndivyo unavyotuimbia kila siku?"

Kweli nilikuwa nikiwaimbia. Nilikunja karatasi nikaiweka mfukoni.

Jumanne, tarehe mbili Tir, nilipanda kilima cha chuo. Mlinzi wa lango alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa changu cheusi cha msiba.

"Profesa mpya amefika!" alisema. "Karibu, profesa. Na koti hilo unakwenda kumfundisha nani?"

Nilimwonyesha barua. Alipoona jina la Kassahun, uso wake ukabadilika. "Kijana wa marehemu Worku. Pita, mwanangu."

Mkutubi alikuwa mzee mwembamba aliyevaa glavu zilizokatwa vidole. Wanafunzi walimwita Gashe Demissew, na mimi pia nikamwita Gashe, kama tunavyomwita kila mwanamume anayestahili heshima. Alisoma barua mara mbili.

"Kitambulisho cha kaka, miguu ya dada," alisema. "Haya, sawa. Kompyuta ya kutafutia vitabu ni ile moja, nayo imeharibika tangu mwezi uliopita, kwa hiyo utatumia droo. Umewahi kutumia droo za kadi?"

Nyuma yangu walisimama wanafunzi wanne wa chuo, wakubwa, wakingoja zamu yao. Mmoja alikuwa akitabasamu.

"Nimewahi, Gashe," nilisema.

Sikuwa nimewahi. Shule yetu ilikuwa na kabati moja la vitabu, na ufunguo wake alikuwa nao mwalimu mkuu.

Droo zilijaza ukuta mzima, na kila moja iliandikwa herufi. Ndani yake mlikuwa na kadi, kila kadi na jina la mwandishi juu. Kwenye karatasi ya Kassahun jina la kwanza lilikuwa Zerihun Mekuria, mwalimu wa palepale chuoni aliyeandika kitabu cha misingi ya programu. Nilivuta droo ya Z. Kadi ya Zerihun ilikuwa ya sita. Niliandika namba yake, nikaifuata kwenye rafu, na kitabu nikakikuta. Moyo ulinicheza kwa furaha. Kumbe kazi yenyewe ni nyepesi hivi!

Jina la pili lilikuwa Harald Lindqvist. Nilivuta droo ya H. Nilimkuta Habtamu, nikamkuta Hailu, tena Hailu, Hirut, na wengine wengi. Harald hakuwepo. Jina la tatu lilikuwa la mwanamke, Margit Varga. Droo ya M ilikuwa imejaa hadi pomoni: Mekonnen, Mesfin, Mulu, Mulugeta. Katikati yao nilipita majina ya ajabu yaliyotengwa kwa alama ya mkato, nikadhani mpiga chapa alikuwa mzembe. Margit hakuwepo. Nilianza upya tangu kadi ya kwanza. Vidole viliganda. Saa ya ukutani ilikwenda, na mimi nilitakiwa kuwahi shule.

"Binti, umevipata?" Gashe Demissew aliuliza toka mezani pake.

Yule mwanafunzi aliyetabasamu alikuwa bado yupo.

"Nimevipata, Gashe."

"Vyote?"

"Ndiyo, Gashe. Leo nachukua hiki kimoja."

Alikigonga muhuri. Aliniangalia kidogo, kisha akamwita anayefuata.

Jioni Kassahun alinawa mikono na uso, na hata kabla ya kukaa chini kula akauliza vitabu viko wapi. Nilimpa cha Zerihun. Alikishika kwa mikono miwili.

"Na vile viwili?"

Ningeweza kusema pale. Nilitazama mchuzi wa shiro ukipoa kwenye injera, nikasema, "Vimeazimwa. Wamesema vitarudi Jumanne ijayo."

"Jumanne," alirudia. "Basi si mbaya. Nitaanza na hiki."

Ijumaa alikuja Getnet. Alikuwa rafiki wa Kassahun tangu mwaka wa kwanza, naye alikuwa amekwisha kumaliza mitihani yake. Mama alikaanga kahawa. Getnet alikuwa anasafiri kesho yake kwenda kwao Gondar kwa Timket, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, na asingerudi kabla ya mwezi wa Yekatit, mitihani ikiwa imepita. Kwapani alikuwa na daftari nene.

"Nimenakili humu karibu vitabu vyote viwili, cha Lindqvist na cha Varga," alisema. "Nilitaka kumpelekea mdogo wangu, naye anaanza mwakani. Lakini kama unalihitaji, mdogo wangu atangoja. Halafu ni mvivu, atashukuru."

Kassahun alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Sene. "Mpelekee tu. Mante ameshanifuatilia maktaba. Vitabu vyenyewe nitavipata Jumanne."

"Una hakika?"

"Muulize mwenyewe. Mante, si Jumanne?"

Wote watatu walinitazama, na mama akiwa ameshika birika la kahawa hewani.

"Jumanne," nilisema.

Getnet aliondoka na daftari lake. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona. Nilijiambia nikimbie nimwite. Badala yake nikakusanya vikombe vya kahawa.

Jumanne ilipofika nilikuwa mlangoni mwa maktaba kabla haijafunguliwa. Nilipekua H yote. Nilipekua M yote. Kisha nikapekua droo ambazo hazikuwa na sababu, A na B na C, nikitumaini kadi imeangukia pasipo pake. Zilikuwa droo zaidi ya sitini. Kadri nilivyotafuta ndivyo nilivyoona kwamba hata nikikaa pale mwaka mzima sitafika popote, na huku mzee yule ameketi hatua kumi tu kutoka nilipo. Lakini nilikuwa nimeshamwambia kwamba najua droo, tena kwamba vitabu nimevipata. Ningeanzia wapi?

Niliondoka mikono mitupu. Jioni nilimwambia Kassahun kwamba bado havijarudi.

Hakukasirika. Alihesabu kwa vidole. "Leo tarehe tisa," alisema mwishowe. "Jumamosi nitaomba ruhusa ya nusu siku. Nitakwenda mwenyewe nimuulize Gashe Demissew ni nani aliyeviazima, nimfuate kwake nimpigie magoti. Mtu hawezi kukataa nikimweleza."

Alikuwa tayari kumpigia magoti mtu ambaye hayupo. Sikulala vizuri.

Kesho yake nilimpelekea chai kama kawaida. Ilikuwa siku ya kuamkia Timket, na foleni ya mashine ilifika barabarani. Wanawake na magunia, punda wawili, watoto wakila shayiri za kukaanga. Mashine ilinguruma hata ukuta ukatetemeka. Nilimsogelea Kassahun.

"Kaka, nilikudanganya," nilisema.

"Nini?"

"Nilikudanganya."

"Sema kwa nguvu! Sisikii!"

Nilijaza pumzi kifuani nikapiga ukelele. Wakati huohuo mkanda wa mashine ukachomoka, mashine ikanyamaza ghafla, na sauti yangu ikabaki peke yake mle ndani.

"Nilikudanganya! Vitabu havikuazimwa! Nilishindwa kuvitafuta nikaona aibu kuuliza!"

Foleni nzima iligeuka. Hata punda waligeuka. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamfinya.

"Mh," alisema mwanamke mmoja mwenye gunia la ngano. "Leo tumesagiwa na habari."

"Nyamaza wewe," bibi mmoja alimkemea. Kisha akamgeukia Kassahun. "Usimpige, mwanangu. Unaona bado amevaa nyeusi."

Kassahun hakuwa na nia ya kunipiga. Alikuwa amesimama na mkanda mkononi, unga ukimdondoka. Ningefurahi kama angenipiga.

"Getnet ameshaondoka," alisema taratibu. "Alikuwa na daftari mkononi. Nilimwambia alipeleke."

"Najua."

"Ulikuwa umekaa pale."

"Najua, kaka."

"Siwezi kuondoka hapa leo. Unaiona foleni." Alirudisha mkanda mahali pake, akakaza, akajifuta uso kwa kiwiko. "Nenda wewe. Mwambie yule mzee maneno uliyoniambia mimi. Yote. Usiache hata moja."

Akawasha mashine, akanipa mgongo.

Nilipanda kilima huku nalia, na mlinzi wa lango siku ile hakunitania. Gashe Demissew alikuwa akipanga kadi. Nilisimama mbele ya meza yake, nikamwambia yote: kwamba sijawahi kutumia droo, kwamba sikuvipata vitabu, kwamba nilimwambia kaka vimeazimwa, kwamba mtihani ni tarehe ishirini na tano.

"Nilikuona ukifika mpaka droo ya C," alisema. "Nikajiambia, huyu anatafuta nini huko? Nilikosa kukuuliza mara ya pili, na hilo ni kosa langu. Lete karatasi."

Aliisoma, akatabasamu kidogo.

"Harald Lindqvist ulimtafuta wapi?"

"Kwenye H."

"Na Zerihun Mekuria?"

"Kwenye Z. Nikampata."

"Naam. Ndicho kilichokudanganya. Sikiliza, mwanangu. Sisi mtu ni jina lake mwenyewe. Zerihun ni yeye, Mekuria ni baba yake aliyemfuata nyuma. Kwa hiyo huyu tunampanga kwenye Z. Lakini hawa wageni jina la mwisho ni la ukoo mzima, la baba na babu na watoto wote, na kwenye vitabu wanatafutwa kwa hilo. Harald wako hayupo kwenye H. Yuko kwenye L."

Alivuta droo ya L. Kadi ilikuwa pale: Lindqvist, mkato, Harald. Ilikuwa pale siku zote.

"Ingekuwa wewe ni wa kwao," aliendelea, "ungeandikwa Worku kwanza, Mantegbosh baadaye."

Tangu mazishi watu walimtaja baba kwa neno marehemu. Siku zilikuwa zimepita nyingi sijasikia jina lake likitamkwa hivi karibu na langu. Nilijifanya natazama kadi.

"Usilie kwa sababu ya droo," Gashe alisema. "Mimi nilipoanza kazi hapa nilipanga kabati zima la wageni kwa majina yao ya kwanza. Miezi mitatu! Kila mtu alikuja akakosa kitabu, akaenda zake kimya akidhani mjinga ni yeye. Mpaka alipokuja mmoja akauliza."

Kitabu cha Lindqvist kilikuwa kwenye rafu. Tukafungua droo ya V. Varga alikuwepo pia. Lakini kwenye rafu, mahali pa Varga palikuwa na pengo. Gashe alifungua daftari la kuazima, akafuata mistari kwa kidole, kidole kikasimama.

"Kilichukuliwa juzi, Jumatatu," alisema. "Kitarudi baada ya mtihani."

Uongo wangu ulikuwa umegeuka kweli. Wiki iliyopita yote kitabu kilikuwa kimekaa rafuni kikiningoja. Niliketi sakafuni.

Gashe Demissew aliingia chumba cha nyuma. Alikaa sana. Aliporudi alikuwa na kitabu kikubwa, jalada lake limeshikwa na gundi.

"Nakala ya zamani ya Varga. Hii haitoki nje ya maktaba, hata akija waziri. Inasomwa hapahapa. Kaka yako hawezi kuja, sivyo? Wewe una mwandiko unaosomeka?"

"Ninao, Gashe."

"Sura ya nne mpaka ya saba ndizo wanazoulizwa. Kaa pale dirishani, kuna jua."

Ukitoa siku mbili za Timket na Jumapili, nilikuwa na asubuhi kumi. Nilinakili. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na katika kila mstari nilielewa neno moja au mawili. Mengine niliyachora tu kama mtu anayechora kikapu. Kulikuwa na masanduku madogo yaliyounganishwa kwa mishale, kurasa nzima za masanduku na mishale, na sikujua yanakwenda wapi. Mkono uliniuma mpaka begani. Jioni nilimpa Kassahun karatasi za siku hiyo. Alizipokea bila kusema asante, na siku nne za kwanza hakuzungumza nami ila kuhusu chai.

Siku ya tano aliinua karatasi moja.

"Mante, mshale huu umeuchora unarudi nyuma. Programu hii itazunguka hapohapo mpaka Pasaka."

Nilitaka kuomba radhi. Kisha nikaona pembe ya mdomo wake.

"Nirekebishe?" niliuliza.

"Nimesharekebisha. Lakini mwandiko wako mzuri. Getnet anaandika kama kuku."

Sura ya saba sikuimaliza. Tarehe ishirini na nne niliamka na mapema, nikaandika bila kuinua kichwa, na saa tano na nusu nilipotakiwa kwenda shule zilikuwa zimebaki kurasa tisa. Niliziangalia tu. Hapakuwa na cha kufanya. Kama ningekuwa na siku nane zile nilizozipoteza, hakuna ambaye angehitaji kunakili chochote.

Kassahun alifanya mitihani yake miwili siku moja. Tuliambiwa majibu yatatoka tarehe thelathini, siku ya mwisho ya Tir. Mwenye mashine alipita nyumbani mara mbili kuulizia. Mama hakula. Mimi nilimwomba Mungu kwa ajili ya kurasa tisa.

Siku hiyo Kassahun alirudi jioni, na kwa mwendo wake hatukuweza kujua lolote. Alikaa, akavua viatu.

"Ule wa Lindqvist nimefaulu vizuri," alisema. "Ule wa Varga swali moja lilitoka mwisho wa sura ya saba. Sikulijibu."

Mama aliweka mkono kifuani.

"Nimepata hamsini na moja," alisema Kassahun. "Ya kufaulu ni hamsini."

Mama alipiga vigelegele kwa mara ya kwanza tangu avae nyeusi, kisha akajifunika uso kwa shuka lake na kulia. Kassahun alinitazama juu ya kichwa cha mama. Hakutabasamu, wala hakununa. "Alama moja, Mante," alisema. Mpaka leo naikumbuka sauti yake alipotamka hivyo.

Wiki iliyofuata nilirudisha vitabu. Gashe Demissew aligonga muhuri wa kupokea, akauliza habari, nikamweleza mpaka ile alama moja. Alivua miwani.

"Kila siku watu wananiletea vitabu vilivyochelewa," alisema. "Nawakemea, lakini kitabu kinarudi. Zile siku nane za kaka yako hazikurudi, naye alikaribia kuzilipia kwa maisha yake yote. Mwanangu, kutojua si dhambi. Wote tumeingia humu hatujui. Lakini ukishasema unajua, unanifunga mikono mimi ninayetaka kukusaidia, na unamfunga hata anayekutegemea. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Gashe."

"Kweli, au unanijibu tu?"

"Kweli."

"Haya. Darasa la saba mnasoma nini sasa katika hisabati?"

"Milinganyo."

"Na kitabu cha milinganyo utakipata wapi humu ndani?"

Nilitazama ukuta ule wa droo. Wanafunzi wawili wa chuo walikuwa nyuma yangu, wakingoja zamu yao.

"Sijui, Gashe," nilisema.

Alivaa miwani yake, akazunguka meza, akaja upande wangu.

"Vizuri," alisema. "Basi twende nikuonyeshe."